Kibuyu cha Mama Lameck

Tlawi,
14 Machi 2025

Mpendwa dada yangu Justina,

Marahaba. Nimeitika mapema kabla hujaniamkia, maana najua hata ukiwa umelala hapo hospitali na mguu umening'inizwa huwezi kumkosea adabu kaka yako. Salamu zangu ni nyingi kuliko matope ya barabara hii, na masika yenyewe ndiyo kwanza yanaanza.

Dhumuni la barua ni kukutoa wasiwasi. Bodaboda imekuvunja mguu, haijakuvunja ukoo. Nimefika hapa kwako tangu Jumatatu na begi langu, kisu changu na sufuria yangu ile ya mlimani. Wanao wako mikononi mwa mtu aliyewapikia wazungu kumi na mmoja juu ya Mlima Hanang, siku ukungu ulipokuwa mzito mpaka nikaukatakata kwa kisu nikautia kwenye supu, na wakaomba waongezwe. Sasa Jenifa wa darasa la pili na Kelvin wa miaka mitatu ndio watanishinda mimi?

Jikoni kwako, usichukie, nilikuta hali ya kizamani. Nimefanya usafi wa kimataifa. Kila chombo kimeona maji ya moto na sabuni. Vinang'aa mpaka kuku anasimama mbele ya sufuria anajitengeneza manyoya.

Jana jioni niliwapikia makande yenye karoti na kitunguu. Wamelamba sahani. Kelvin alitaka kumeza na kijiko chenyewe.

Simu yangu ilitumbukia humo humo kwenye makande. Iliita mara ya mwisho ikiwa chini kabisa, mahindi yakarukaruka. Ndiyo maana naandika, na barua nampa Tadeo, konda wa basi linalopita huko kwenu.

Mama mkwe wako alipita hapa akitokea Mogitu. Nilimpa chai. Hakusema neno.

Kaka yako,
Baltazar
Mpishi Mkuu wa Mlima Hanang (Mstaafu)

&nbsp;

Hospitali,
18 Machi 2025

Kaka Baltazar,

Shikamoo.

Barua nimeipata. Mama wa kitanda cha pili aliniuliza nacheka nini, nikamsomea habari ya ukungu, akasema huyo kaka yako aje atukatie na sisi huku. Nashukuru sana umekuja. Sina mtu mwingine.

Mguu unavutwa na kamba yenye mfuko wa mchanga. Daktari anasema nitakaa hivi mpaka baada ya Pasaka. Siwezi kugeuka upande. Kitu pekee kinachotembea ni kichwa, nacho kinakwenda Tlawi na kurudi kutwa nzima.

Kaka, mama mkwe wangu hapiti tu. Hajawahi kutoka Mogitu kuja kunywa chai akaondoka kimya. Amesema nini? Unakumbuka ya Lameck. Tulipomzika mume wangu Vicent alimwomba mtoto akakae naye wiki mbili, amliwaze. Mimi nilikuwa nalia, na mtu anayelia hakatai kitu. Leo Lameck ana miaka kumi na miwili, anachunga ng'ombe wa bibi yake, na akija nyumbani kwangu anabisha hodi kama mgeni. Hawa wawili waliobaki wakienda, nao hawarudi. Hilo ndilo linaloniuma kuliko mfupa.

Na jambo lingine. Kelvin hali makande. Hajawahi. Chakula chake ni ugali laini na maziwa ya mgando, basi. Jenifa naye ukimchanganyia vitu kwenye sahani moja anaanza kuchambua, mahindi huku, maharage kule, mpaka chakula kinapoa na hali hata punje. Unaposema wamelamba sahani, ni watoto wa nani hao?

Jirani yetu Lucia ana simu. Mwombe nisikie sauti zao. Hata dakika moja.

Mdogo wako,
Justina

&nbsp;

Tlawi,
24 Machi 2025

Dada Justina,

Marahaba.

Simu ya Lucia imemezwa na mbuzi. Tukipiga, tumbo linaita. Mbuzi mwenyewe amezoea sasa, ikiita anasogea pembeni kama mtu mwenye mazungumzo yake. Kwa hiyo upande wa sauti vumilia kwanza.

Upande wa chakula mambo ni moto. Nimegundua wanao wanataka ubunifu. Kuna mtoto wa mzungu kule mlimani alikataa kula siku nzima, nikamchongea kifaru kwa kiazi, akala kifaru, akala na maganda, baba yake akataka kunipeleka Ulaya, nikakataa kwa sababu ya baridi. Basi hapa nimeponda viazi, nikafinyanga ng'ombe, zizi zima! Pembe za karoti, macho ya kunde. Jenifa alipiga makofi. Wale ng'ombe waliisha wote, hakubaki hata ndama.

Sasa kuhusu mama mkwe wako. Ni kweli alisema jambo, ila dogo, sikuona haja ya kukuchosha. Alimnyanyua Kelvin, akampima kwa mikono, akasema mtoto amekuwa mwepesi. Akasema tarehe 15 Aprili, siku ya kliniki, atakuja mwenyewe. Nesi akiweka nukta kwenye kadi na ile nukta ikiwa imeshuka, anawachukua wote wawili kwenda Mogitu, na wazee wa ukoo ameshawaambia. Nikamjibu: njoo na trekta, mama, maana siku hiyo Kelvin habebeki kwa mkono.

Nimempa Jenifa nafasi hapa chini akusalimie. Sijasoma alichoandika, nilikuwa nageuza chapati.

Baltazar
Mpishi na Mtaalamu wa Lishe

*Mama shikamoo. Mimi ni Jenifa. Unaendeleaje mguu. Wale ng'ombe wa viazi Kelvin aliwapeleka nje kuchunga wakaliwa na kuku. Kelvin hali. Anasema maziwa sio ya mama. Mbuzi hajameza simu. Bibi Lucia ameenda nayo Masieda, binti yake Agripina amejifungua. Mimi nakula chapati. Mjomba ananiuliza mimi ugali unapikwaje uwe laini.*

&nbsp;

Hospitali,
27 Machi 2025

Kaka,

Shikamoo.

Nimesoma maneno ya Jenifa. *Maziwa sio ya mama.* Nimelia, nesi akadhani ni mguu akaniongezea dawa. Mtoto wangu ananitafuta kwenye bakuli na mimi nimefungwa kamba huku.

Usinipikie maneno, kaka. Wapikie watoto. Simtaki mpishi wa mlimani. Mlimani ulibeba madumu ya maji, Vicent alikuona kwa macho yake. Mimi namtaka kaka yangu.

Niandikie kweli. Kelvin anaamkia nini, anashindia nini, analalia nini. Maziwa unakamua saa ngapi, unayaweka wapi, ugali unausongaje. Kila kitu, hata kile unachoona hakina maana. Nikijua labda nitaona njia nikiwa hapa hapa kitandani. Nisipojua, nakaa tu natazama bati la paa nikimwona mama mkwe anakunja nguo zao.

Justina

&nbsp;

Tlawi,
2 Aprili 2025

Dada Justina,

Marahaba.

Umeniumiza kwa habari ya madumu. Bila yale maji ile supu ingetoka wapi? Lakini tuyaache.

Umetaka kweli, haya. Asubuhi nampa uji wa ulezi wenye sukari. Anaweka mdomoni, anautunza shavuni kama akiba, anakwenda kuumwagia kuku. Mchana ugali laini. Jenifa alinifundisha, nikajifanya nilikuwa najua. Anafinya tonge, anachovya kwenye maziwa, ananusa, anaweka chini. Jioni ndiyo nabuni. Nimempa viazi vitamu, nimempa yai, nimempa dagaa nikamwambia ni nyoka wadogo, akapiga kelele nyumba nzima. Nimempa chapati yenye umbo la pikipiki. Akaiendesha mpaka ikakatika, akaomba nyingine ya kuendesha. Juzi nilimtolea hadithi ya simba aliyekula ugali akaota mbawa. Akasema, "Mjomba, mpe huyo simba."

Anakula ndizi. Anakula mahindi ya kuchoma kidogo. Basi. Suruali yake naifunga kwa kamba. Hilo sikutaka kuliandika.

Ila maziwa usiyasingizie. Nakamua mwenyewe alfajiri, ng'ombe ana afya, majani yapo tele. Nayaweka kwenye kibuyu chako kile kirefu. Na hapo, dada, utanishukuru ukirudi, maana kile kibuyu kilinishtua. Ndani kilikuwa cheusi kama bomba la trekta! Nikajiuliza, watoto wa dada yangu wananyweshwa masizi? Nilikitia kokoto, sabuni ya unga, na ile dawa ya kutakatishia nguo nyeupe, nikakitikisa asubuhi nzima mpaka bega likaita. Weusi ulitoka mabakuli kwa mabakuli. Sasa ni cheupe ndani, kinanukia kama hoteli ya Arusha. Maziwa ya humo ni safi kuliko yalivyowahi kuwa.

Kwa hiyo si maziwa. Ni wewe tu anakulilia. Na mimi sina namna ya kukupika wewe.

Baltazar
Mpishi

&nbsp;

Hospitali,
4 Aprili 2025

Kaka! Shikamoo. Naandika haraka, Tadeo amesimama hapa mlangoni anasema gari linapiga honi.

Umeosha kibuyu!

Ule weusi si uchafu. Ni moshi. Ni moshi wangu, wa tangu nilipoolewa, safu juu ya safu. Kelvin hakusema ananililia. Alisema maziwa sio ya mama, na alikuwa anasema kweli kabisa, ila sisi wakubwa tukamfanya mtoto. Yeye tangu aachishwe ziwa hajaonja maziwa yasiyo na ule moshi. Unampa maziwa ya dawa ya nguo halafu unashangaa ananusa!

Wewe ulikulia kwa baba mdogo, mjini, hukuona mama akifanya. Sikulaumu. Sikiliza.

Kile kirefu usikitumie tena, kiweke pembeni nitajua cha kufanya. Juu ya meko, kwenye dari, kuna kibuyu kidogo kina kamba ya ngozi. Nilikuwa nimeanza kukiandaa. Kata kijiti cha ule mti wa kona ya zizi, mkavu, unene wa kidole gumba. Choma ncha mpaka iwe kaa jekundu lisilo na mwali. Ingiza ndani ya kibuyu, usugue kuta zote, zungusha, fuata shingo mpaka chini. Funika moshi usitoke. Kikipoa kung'uta majivu, rudia. Maziwa ya kwanza mpe mbwa. Ya pili mpe mbwa. Ya tatu ndiyo uyaache yagande. Na kila unapomaliza maziwa unafukiza tena, haikosi.

Mwite Lucia akufanyie kama amerudi. Usifanye mwenyewe mbele za watu. Kibuyu cha maziwa ni kitu cha wanawake, watakucheka mpaka Dongobesh, na mama mkwe akisikia mwanaume ndiye anayefukiza kwangu atapata la kusema kwa wazee: kwamba nyumba haina mwanamke.

Zimebaki siku chache. Kimbia.

J.

&nbsp;

Hospitali,
9 Aprili 2025

Kaka,

Shikamoo. Tadeo hajapita tangu Ijumaa. Wanasema gari limezama matopeni na abiria walilala kanisani. Sijui kama barua yangu umeipata au iko ndani ya tope. Kama hukuipata: usitumie kile kibuyu kirefu. Moshi. Kijiti cha kona ya zizi.

Jana nimejaribu kushuka kitandani, wakanirudisha.

Justina

&nbsp;

Tlawi,
10 Aprili 2025

Dada,

Marahaba.

Barua yako ya tarehe 4 imefika juzi, imelowa mpaka maneno mengine nimeyasoma kwa kubahatisha. Lucia bado yuko Masieda. Hii si ya mbuzi, ni kweli. Nimefikiria kumwita mwanamke mwingine, lakini nani? Wote wana midomo, na mama mkwe wako ana masikio mpaka huku. Basi nimefunga mlango wa jiko.

Mara ya kwanza kaa lilianguka ndani, nikaingiza mkono kulitoa. Nyusi moja haipo. Mara ya pili moshi ulitoka kwenye paa kwa wingi, mzee wa nyumba ya pili akaja na ndoo ya maji. Nikamwambia nachoma mahindi. Maziwa ya kwanza mbwa kanywa, ya pili mbwa kanywa, sasa ananifuata kila niendako, anadhani mimi ndiye mama yake.

Ya tatu nimeyafungua leo. Nikamwekea Kelvin bakuli, nikageuka kama sina habari naye. Akanusa. Akanusa tena. Akachovya kidole, akakilamba. Akaondoka.

Sijui maana yake. Nimekaa hapa natazama bakuli. Kidole kimoja, Justina. Na kliniki ni Jumanne.

Baltazar

&nbsp;

Tlawi,
15 Aprili 2025

Dada Justina,

Naandika kabla sijavua viatu vya kliniki.

Mama mkwe alitukuta pale pale kwenye foleni. Nesi akamtundika Kelvin kwenye mzani. Nukta haikupanda, haikushuka. Iko usawa na ya mwezi uliopita, kama mtu aliyekaa. Nikasema, haijashuka, mama. Akasema, "Mtoto asiyepanda anashuka. Twende tukachukue nguo zao."

Njia nzima nilikuwa natafuta la kusema, na unanijua, mimi maneno hayanipigi chenga. Leo yamenipiga chenga.

Nyumbani alianza kukunja nguo kweli, kama ulivyomwona. Jenifa akasimama mlangoni analia. Kelvin wala hakumtazama bibi yake, alikuwa na njaa ya foleni. Akaenda jikoni akarudi anaburuta kile kibuyu kidogo kwa kamba yake ya ngozi. Akasema, "Ya mama." Nikammiminia. Akanywa na ugali uliobaki asubuhi. Akanywa mpaka tukasikia anavyomeza.

Bibi akaacha nguo. Akachukua bakuli, akaonja. Akaonja tena. Halafu akauliza, "Nani anafukiza hapa? Lucia hayupo, nimemwona Masieda."

Dada, ningeweza kusema mwanamke yeyote. Nilikuwa naye kabisa kwenye ulimi, na jina lake, na kijiji chake, na mume wake aliyepotelea Zambia. Lakini nikasema, "Mimi."

Akacheka. "Baltazar wa ukungu! Wewe?" Watu wakaanza kukusanyika mlangoni. Akasema, "Haya, fukiza tuone."

Nikafukiza. Mchana kweupe, nimechuchumaa na kijinga cha moto mkononi na kibuyu kwenye mapaja kama mke wa mtu. Wakacheka. Sikuinua kichwa. Nilipomaliza akakichukua, akanusa shingoni. Akasema, "Unazungusha vibaya. Mkono wa kushoto ukae chini." Akanishika mkono, akanionyesha.

Kisha akajitanda kanga yake. Akasema Lameck shule zikifungwa mwezi wa sita atakuja kukaa hapa, ndugu zake wasimsahau. Mimi nilinyamaza. Hilo la kunyamaza hutaliamini, na hayo mengine pia, ni haki yako. Ndiyo maana nimempa Jenifa kalamu. Safari hii sigeuzi chapati, nimekaa namtazama anavyoandika.

Baltazar

*Mama shikamoo. Ni kweli yote. Mjomba ameungua vidole na hana nyusi moja. Watu walicheka sana, baba yake Agripina alikaa chini kwa kucheka. Bibi ameondoka peke yake. Nguo zetu zipo. Alisema basi nipeni hata hicho kibuyu nikaonyeshe watu Mogitu, Kelvin akakilalia. Mpaka sasa amekikumbatia amelala. Mjomba anasema niandike Kelvin alikunywa bakuli kumi. Alikunywa mawili.*